Mpiga hodi wa karakana na behewa linaloitika

Saa saba mchana, mabati ya karakana ya reli yanalia kwa joto. Mama Hodi anatembea taratibu kando ya behewa la abiria, nyundo mkononi, bendera ya kijani imechomekwa mfukoni mwa ovaroli. Anagonga gurudumu mara tatu, kisha anainama.

"Hodi chini! Kuna mtu?"

"Nipo!" mtu anaitika kutoka uvunguni.

Anasubiri. Fundi wa breki anatambaa hadi nje, amejaa grisi mpaka masikioni, anampa mkono. Mama Hodi anaushika barabara, anamtazama usoni, ndipo anauachia.

"Mkono baridi hivi, mke anakulisha kweli?" anamtania.

"Chuma hicho, mama. Hakina huruma na mtu."

Anagonga tena, anaita tena. Safari hii uvungu uko kimya. Anapandisha bendera, na kichwa cha treni kilichokuwa kinanguruma pembeni kinalivuta behewa kwenda kuoshwa.

Hiyo ndiyo kazi yake. Hakuna behewa linalosogea hapa bila hodi yake, na ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Karakana hii ilijengwa enzi za vichwa vya mvuke. Siku zake za neema ilikuwa na mafundi zaidi ya mia nne, na wastaafu husema mlio wa nyundo zake ulisikika hadi sokoni. Leo mafundi hawafiki arobaini. Popo wamehamia kwenye chumba cha wahunzi, na shimo la kukagulia injini limegeuka bwawa la maji meusi.

Lakini amri moja ya zamani ingali imeandikwa kwa rangi nyeupe ukutani: ALIYEITIKA ATOE MKONO. Inasemekana zamani hizo watu wawili walikuwa chini ya behewa moja. Akaitika mmoja, akatoka, ikadhaniwa wametoka wote, behewa likavutwa na wa pili yumo chini. Tangu hapo, sauti peke yake haitoshi. Kila aliyeitika lazima aonekane na ashikwe mkono, la sivyo behewa halisogei, hata aje nani.

Amri hiyo ndiyo imemtia Mama Hodi matatani.

Kwenye njia ya mwisho, nyuma ya ghala la magurudumu, limesimama behewa ambalo halijasogea kwa miaka mingi. Hakuna kioo chake hata kimoja kilichovunjika, jambo la ajabu mahali ambapo watoto wa jirani hulenga kila kitu kwa mawe. Mafundi wakipita hapo hunyamaza, hata yule mropokaji anayejulikana karakana nzima.

Mumewe alifia chini ya behewa hilo. Alikuwa fundi wa breki, wenzake wakimwita Jeki kwa sababu ya mabega yake.

"Siku ile aliamka na homa," anasimulia Mama Hodi. "Nikamwambia, baba watoto, leo pumzika. Akasema breki hazijui homa. Mchana akajilaza uvunguni, kwenye kivuli, usingizi ukamchukua. Mpiga hodi wa wakati ule aliita mara tatu. Hakuitikiwa. Simlaumu, alifuata kazi yake."

Mpiga hodi yule hakuweza kuishika nyundo tena. Mama Hodi, wakati huo mfagiaji wa ofisi, akaiomba yeye. Watu walidhani majonzi yamemvuruga akili.

Behewa likatengenezwa, likasogezwa njia ya mwisho lingoje kurudi safarini. Siku ya kulitoa, Mama Hodi, sasa mpiga hodi mpya, akagonga na kuita. Akaitikiwa.

"Alisema 'nipo'. Sauti yake mwenyewe, ile ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nimelala na yule mwanamume, nitaikosaje? Nikasubiri mkono. Hakutoka mtu."

Bendera haikupanda, na hakuna dereva aliyethubutu kulifunga behewa hilo kwenye kichwa chake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa watu wameamua lipo.

Msimamizi wa karakana, mtu mpole anayependa kukunja mikono ya shati, ana maelezo yake. "Chuma kikipata jua hutoa sauti. Ni jambo la kawaida kabisa."

Je, yeye amewahi kupiga hodi pale?

"Mimi ni mtu wa ofisini," anajibu haraka.

Sasa behewa limeuzwa kama chuma chakavu, na mnunuzi atakuja Jumatatu. Mama Hodi ameambiwa apandishe bendera siku hiyo au arudishe nyundo, akose na kiinua mgongo alichobakiza mwaka mmoja kukipata. Watu wa nje wanaona uamuzi ni rahisi.

Binti yake, mshonaji, anaishi naye katika vyumba viwili nyuma ya stesheni. Anaongea huku akikanyaga cherehani, bila kuinua macho.

"Siku mama akipiga hodi kule, jioni anapakua sahani tatu. Nakula huku naitazama ile ya tatu inapoa. Nimemwambia, mama, mwache baba apumzike. Ananijibu, si mimi niliyemshika."

Mwandishi wa makala haya haamini mizimu, na mkewe ni shahidi. Aliomba apelekwe njia ya mwisho, akiwa na uhakika wa kurudi na kichekesho.

Mama Hodi aligonga mara tatu. "Hodi chini! Kuna mtu?"

Kisha kutoka uvunguni ikaja sauti ya mwanamume, nzito kwa usingizi.

"Nipo."

Mwandishi aliinama. Aliona majani yaliyoota kati ya mataruma, hayajakanyagwa na mtu, na mwanga wa upande wa pili. Hapakuwa na mtu wala panya. Aliogopa, na haoni aibu kulisema.

"Umesikia," Mama Hodi alisema, na machozi yakamtoka. "Miaka yote hii nimekaa hapa nje nikisubiri atoe mkono. Mtu aliyelala hatoki kwa kuitwa, mwanangu. Huamshwa. Mimi ndiye mkewe, na sijawahi kumfuata, kwa kuogopa nikimwamsha sitamsikia tena."

Jumatatu, anasema, atagonga kama kawaida. Akiitikiwa, ataingia uvunguni mwenyewe, aushike mkono wa mumewe, amwambie homa imekwisha na watoto wamekua. Kisha atatoka, apandishe bendera, behewa liende zake. Mwaka ukiisha atastaafu, amsaidie binti yake kufungua duka la kushonea sare za shule.

"Na usipotoka, mama?" mwandishi aliuliza.

Alifikiri kidogo, kama mtu anayechagua nyanya.

"Basi pigeni hodi," alisema. "Mkinisikia nimeitika, msilivute."