Barua ya Kilonzo kwenda India

Kalondu aliuza uji na ndengu za kuchemsha pale Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, kwa miaka kumi na minane, na sikuwahi kumwona akimbembeleza mteja. Dereva wa lori akilalamika kwamba uji umepoa, alimwambia basi anywe haraka. Mimi niliolewa kutoka Nyeri, nimezoea kuuza kwa kucheka na watu, na mwanzoni nilidhani ana kiburi. Kumbe ni uchovu tu.

Kifungua mimba wake alikuwa na kichwa chepesi. Mume wa Kalondu, Kilonzo, kibarua wa shambani, aliuza ng'ombe wake wote sokoni Kalamba ili kijana aende India kusomea udaktari. Mwaka wa pili kijana akaandika kwamba ameacha udaktari, anasomea kompyuta.

"Ng'ombe zangu zimeenda kununua televisheni ya kuandikia?" Kilonzo akauliza. Hakumwandikia tena, wala salamu hakumpelekea.

Novemba 1997, mvua ile kubwa ikinyesha, Kilonzo alirudishwa nyumbani kutoka hospitali. Ini lilikuwa limekwisha. Jumatatu akamwambia mkewe, "Mwambie kijana sina neno na yeye tena. Anipigie simu nisikie sauti yake." Alikuwa na siku chache, na barua ya posta ilichukua wiki tatu.

Kalondu akaja kwangu. Nyuma ya duka letu la misumari na mabati nilikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu, na nilijivunia barua pepe yangu kama mtu aliyeivumbua mwenyewe.

"Inaenda aje, mama Nyawira?" akauliza.

Nikamweleza. Jioni kompyuta yangu inapiga simu Nairobi na kuikabidhi barua kwa kompyuta kubwa. Safari ya ng'ambo ikianza, barua inakatwa vipande, kila kipande kimeandikwa namba yake na kinakokwenda. Mashine moja inakipokea na kumpa jirani yake, naye jirani yake, na vingine hupita njia nyingine kabisa. Kule mwisho vinapangwa upya. Kimoja kikipotea, kinaombwa tena.

"Ni kama mwethya, kikundi chetu cha kazi, tukijenga lambo," akasema. "Mawe inatoka mkono hadi mkono. Mwenye ako katikati hajui inaenda ukuta gani."

Nilikuwa nimewaeleza walimu wawili na pasta, na hakuna aliyeelewa upesi hivyo.

"Na hizo mashine zinamjua mtoto wangu?"

"Hazijui mtu, mama Jonah. Zinajua anwani peke yake."

Anwani yake ya barua pepe ilikuwa kwenye barua ya kijana, nayo ilikuwa imelowa nyumba ilipovuja. Jina la chuo lilisomeka, lakini sehemu ya mbele ilikuwa doa la wino. Kalondu alikumbuka kwamba kijana alisema mbele ni jina lake tu.

"Jonah?" nikauliza.

Akainamisha kichwa. Nikaandika Jonah, kisha maneno ya Kilonzo na namba ya simu ya duka, nikatuma.

Jumanne laini ya simu ikaanguka kwa mvua. Iliporudi Alhamisi, kitu cha kwanza kuingia kilikuwa barua yetu wenyewe, imerudishwa: chuoni hapo hakuna mtu wa jina hilo. Nilikimbia kwenye tope hadi kwa Kalondu.

"Huyu mtoto anaitwa nani shuleni?"

Akaziba mdomo kwa leso. "Siwezi taja."

"Kilonzo anakufa!"

"Najua anakufa. Ni bwana yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, na sijajisamehe. Kwa Wakamba mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, na mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina hilo hilo la babu. Mama humtafutia lingine la kumwita. Nilikuwa nimeishi kwao miaka tisa! Nililijua jambo hilo vizuri, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nafurahia kufundisha.

Kilonzo mwenyewe alikuwa amekauka sauti tangu jana yake, kwa hiyo Kalondu alivuka mto uliojaa kwenda kumwita Kavata, dada ya Kilonzo, ambaye angeweza kulitaja jina la baba yake mwenyewe. Walifika wamelowa hadi kifuani.

"Ni Mbuvi," Kavata akasema. "Jonah ni la mama yake."

Barua iliondoka jioni hiyo. Kilonzo alikufa Ijumaa, chai ya asubuhi ikiwa bado jikoni. Tulikuwa tumeshaandaa mkokoteni wa kumleta dukani kwenye simu.

Jumamosi jibu likaingia. "Baba, nisamehe. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nitapiga Jumapili saa nne, ukae karibu na simu." Nilitaka kumwandikia kijana ukweli, Kalondu akanishika mkono. Habari ya kifo haipelekwi na mashine, akasema, atamwambia yeye kwa mdomo wake.

Jumapili simu ililia saa nne kamili. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, nikasikia ile sauti ya kijana, nyembamba, ya mbali, yenye furaha: "Baba?"

"Ni mimi," Kalondu akasema. "Baba yako ametuacha. Juzi."

Alilia mtoto yule hadi nikatamani laini ianguke tena. Kalondu alisubiri, macho kwenye rafu ya misumari. Kisha kijana akauliza kitu, na akakirudia.

"Ndiyo," Kalondu akajibu. "Barua yako ilifika akiwa hai. Mama Nyawira alimsomea yote."

Akasikiliza.

"Alicheka," akasema. "Akaomba asomewe tena."

Aliponirudishia simu hakuniangalia. Aliniomba ile karatasi ya jibu, akaikunja, akaenda kuwasha moto wa uji kwa sababu malori yalikuwa yameanza kusimama.