Dawa Ikining'inia Juani

Bibi aliyeuza majani ya dawa kule mtaani Bwiza amefariki. Tulimzika juzi, na bado nina hasira. Wasomaji wangu mnanijua, siamini kitu kirahisi. Nilipotoka chuo kikuu nilimwendea na daftari, nikamuuliza ushahidi wa dawa zake uko wapi. Akanipa kijiti cha umuravumba, ule mmea wa kutibu kikohozi. "Vunja." Kikapinda. "Iko na maji bado. Ukiifunga leo, itaoza. Mi siuzake kitu yenye inapinda." Majani yake aliyakausha kivulini, akayafunga kwenye karatasi za kaki, kisha akayaweka katika makopo ya bati yenye mifuniko iliyobana, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila kopo aliliandika siku ya kuchuma. Nikamwambia wateja wanapenda kuona wanachonunua. "Bas, waende sinema!"

Mfanyabiashara wa mtaa huohuo alinunua gunia zima kwake, akayafunga majani katika vifuko vya plastiki vinavyoonyesha ndani, akabandika picha ya bibi, akavitundika mlangoni pa duka lake panapopigwa na jua mchana kutwa. Vikatoa jasho ndani, majani yakaota ukungu. Bibi alikwenda kumlalamikia, nami nikiwapo.

"Toa sura yangu apo!"

"Mama, achana na ya zamani. Watu wananunua na macho."

"Bas wakunywe na macho!"

Tulicheka sote. Wiki haikupita, mtoto wa jirani akanywa ile dawa ya vifuko, akatapika mpaka akalazwa. Mtaa haukumtafuta aliyeitundika juani, ulitazama picha. Wateja wakamkimbia bibi. Akaniita: "We mwenye kuandika mu gazeti, sema ukweli, jina yangu isafike." Nikamjibu kwamba sina ushahidi wa kutosha. Mimi, niliyeuona ukungu kwa macho yangu! Ukweli ni kwamba duka lile lina pesa na marafiki, nami niliogopa.

Msibani mfanyabiashara yule alisimama akamsifu "mama yetu wa dawa." Hakuna aliyemkatiza, hata mimi. Baadaye binti wa marehemu alinifungulia kopo moja, la mwaka juzi kwa mwandiko wa bibi. Harufu ilikuwa kali kama ya jana. Nikashika kijiti, kikavunjika kwa mlio.

Nilijiita mtu wa kuhoji kila kitu, kumbe nilimhoji mwanamke mwenye makopo tu. Mwenye duka sikumuuliza hata swali moja. Huo ni woga, na bibi amezikwa jina lake likiwa bado chafu. Vile vifuko vingali mlangoni leo, na sura yake juu yavyo.