Konokono wa Magharibi

Pale makumbusho walimwita Mama Siki, na jina lilimkaa barabara, maana hata akienda harusini alinukia siki. Kazi yake ilikuwa kulowesha mawe kwenye beseni la siki kali mpaka chokaa iyeyuke, visukuku vitoke: konokono na makombe ya maziwa ya kale yaliyokauka kabla mtu hajajua kuchota maji. Alifundishwa na baba yake. Mumewe alipomtaka achague kati yake na mabeseni, alichagua bila kuumiza kichwa, na nani wa kumlaumu?

Baba mwenyewe sasa alikuwa haoni. Maisha yake yote alishikilia kwamba ziwa la kale la mashariki na lile la magharibi, ambayo leo yametengwa na milima, yalikuwa maji mamoja. Wataalamu wenzake walimcheka wakachoka. Ndipo mwamba wa magharibi ukatoa jiwe moja, ubavuni umechomoza mgongo wa konokono mwenye matuta, kama wale wa mashariki. Lakini mgongo peke yake hautoshi. Konokono hawa hutofautishwa kwa mdomo wa gamba, na mdomo ulikuwa ndani ya jiwe.

"Konokono hapandi mlima wala hakati tiketi," mzee alisema. "Alifika kwa maji. Mtoe, mwanangu, kesho wenzangu wanakuja kumtazama."

Kama gamba lilikuwa limegeuka gumegume, lile jiwe gumu, siki isingeligusa. Kama lilikuwa bado chokaa, lingeliwa pamoja na jiwe. Mama Siki alidondosha tone moja ukingoni. Mapovu yakatoka, ila ya jiwe au ya gamba, hakuweza kujua.

"Baba, tusubiri. Nitachonga kwa sindano, polepole."

"Mpaka lini? Daktari hakukwambia hali yangu? Tia."

Akapiga moyo konde, akatia.

Asubuhi hiyo nzima hakuketi. Alichungulia, akaondoka, akarudi. Maji yalikuwa meupe, hayaonyeshi kitu. Hatimaye alilichopoa jiwe kwa koleo. Penye konokono palikuwa na shimo tu, laini.

Na huko ukumbini mlio wa mkongojo wa mzee ulikuwa unakuja.

Mapenzi nayo yana wazimu wake. Alifungua droo ya mashariki, akatwaa konokono mmoja, akamlowesha kama aliyetoka beseni, akamweka kiganjani mwa baba yake.

"Huyu hapa, Baba. Mzima."

Vidole vya mzee vilipanda matuta moja moja. Uso ukamchanua. Vikafika mdomoni mwa gamba, vikasita, vikapapasa tena palipomeguka.

"Huyu nilimmegua mimi, wewe ukiwa tumboni mwa mama yako," alisema taratibu. "Ni wa mashariki. Wangu yuko wapi?"

"Ameliwa, Baba." Akaangua kilio kama mtoto.

Mzee akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake.

"Kesho wakija," alisema, "waambie hatujui."