Neno Lililomtoka Damaris

Watu wa Peña Blanca waliwaita "Aleluya," Damaris na mwenzake Keila, na watoto waliwapigia kelele kutoka juu ya kuta za mawe kila walipopita: "Aleluya hao! Wafungieni kuku na watakatifu!" Damaris alicheka nao, lakini aliharakisha hatua. Kwao Torreón, kule jangwani kaskazini mwa nchi, baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa lililojaa hadi uani, na hakuna aliyemshangaa mtu kwa kubeba Biblia kwapani. Huku milimani Oaxaca kijiji kilikuwa na mtakatifu wake, sikukuu yake na bendi yake ya tarumbeta. Wasichana wawili waliotumwa na misheni hawakuwa wameitwa na mtu.

Tangu utotoni Damaris alikuwa mtu wa hofu. Aliogopa kusahau mistari akiwa mbele za watu, aliogopa mbwa, na zaidi ya yote aliogopa kwamba Mungu alikuwa amemwita Damaris mwingine, naye kwa kiherehere akaitika. Hilo hakulisema kwa yeyote isipokuwa Keila, na Keila alimwambia, "Basi huyo mwingine amepona. Inuka, maji yanakatika saa hii hii."

Ndivyo zilivyoanza siku zao: kukinga maji kwenye pipa kabla bomba halijakauka, kuwasha kuni, kupiga magoti juu ya sakafu ya saruji iliyo baridi kama barafu, kisha kahawa ya mdalasini na maharagwe ya jana. Halafu nyumba kwa nyumba. Wenyeji wa kule hawamfukuzi mtu. Watakuambia kwa adabu zote, "Leo tuna kazi, binti, njooni siku nyingine," na hiyo siku nyingine haifiki.

Aliyewafungulia mlango wa kwanza alikuwa Mama Crescencia, mjane mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya korongo, aliyeishi kwa kupika tortilla, zile chapati za mahindi, na kuziuza sokoni. "Ingieni," alisema siku ile. "Mbwa wangu hali Waprotestanti. Anawaonja tu." Baadaye akawapa ua wake wafanyie ibada za Jumapili. Walikuja wanawake wachache, na mzee mmoja asiyesikia ambaye alipenda gitaa la Keila kwa kuliangalia.

Mama Crescencia alikuwa na sukari ya miaka mingi. Macho yalikuwa yamefifia, nyayo zikimwaka moto. Alimeza vidonge asubuhi na jioni, akivilaani kila kimoja kwa jina. Mwanawe Hilario, fundi wa paa na mwaka ule msimamizi wa sikukuu ya kijiji, ndiye aliyemletea vidonge kutoka mjini. Hilario hakupenda nyimbo za Aleluya zipigwe uani kwa mama yake, lakini mama akishasema amesema.

Jumapili moja Mama Crescencia aliomba aombewe. Damaris alimwekea mikono kichwani. Alikuwa ameomba vile mara nyingi, kwa maneno ya tahadhari aliyofundishwa, lakini siku ile wanawake walikuwa wanalia, gitaa linalia, na yeye mwenyewe moyo ulimjaa kwa namna asiyowahi kuijua. Akasikia sauti yake ikisema, "Mama, inuka. Umepona."

Ulimi hauna mfupa. Mama Crescencia aliinuka, akainua mikono, machozi yakamtiririka hadi kwenye shali. Keila aliacha kupiga gitaa. Damaris alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama unyoya, na ilipofika jioni wepesi ule ulikuwa umekwisha. Kwani ni nani aliyemwambia aseme vile? Alijaribu kukumbuka kama alisikia neno lolote kabla ya mdomo wake kufunguka. Hakukumbuka.

Jumapili zilizofuata watu waliongezeka. Viti havikutosha, wakaazima benchi. Mkuu wa misheni alipopiga simu na kusikia habari, alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Damaris alisema amina, akakata simu upesi.

Siku moja alikwenda kwa Mama Crescencia kumsaidia kupukuchua mahindi. Alimkuta na majirani wawili, kila mmoja na bilauri ya soda, na katikati sinia la mikate mitamu.

"Mama," Damaris alisema, akijitahidi kutabasamu, "na sukari yako je?"

"Sukari gani?" Mama Crescencia aliwakonyeza wenzake. "Ile uliyoifukuza wewe mwenyewe?"

"Dawa bado unameza lakini."

"Dawa ni ya wagonjwa, mwanangu. Nilivimwaga chooni vidonge vyote, na vikopo vyake. Nadhani panya wa chooni sasa hawana sukari." Majirani wakaangua kicheko. "Hawa nimewaeleza kila kitu. Wamekuja kukuona. Huyu ana goti."

"Goti la kushoto," alisema mwenye goti, akilisogeza mbele.

Damaris alifungua mdomo. Aliwatazama wale watatu, nyuso zilivyomwelekea kama alizeti, akasema, "Mungu ni mwema." Kisha akainama akapukuchua mahindi hadi kidole gumba kikatoka lengelenge. Alipokuwa anaaga ndipo alipoona kitambaa mguuni kwa Mama Crescencia.

"Nimechomwa na mwiba wa dungusi," alisema mama. "Tena hauumi hata kidogo. Unaona?"

Damaris hakujua mambo mengi ya udaktari, lakini hilo alilijua: mguu wa mwenye sukari usiouma ni wa kuogopwa kuliko unaouma. Alitembea haraka, nusu anakimbia. Nyumbani alimkuta Keila anafua, akamweleza yote.

"Rudi ukamwambie," Keila alisema, mikono imejaa povu. "Sasa hivi."

"Nikimwambia hilo nililitunga, atadhani na mengine yote nimeyatunga. Msamaha. Uzima wa milele. Yote."

"Na usipomwambia?"

"Na kama kweli amepona? Mimi ni nani nikamwambie hajapona? Huo nao si ukosefu wa imani?"

Keila alikamua nguo kwa hasira. "Damaris, yule mama ana mguu. Hukumu za imani mwachie mwenyewe Mungu, wewe shughulikia mguu."

"Kesho asubuhi," Damaris alisema. "Nikishaomba. Nipate maneno."

Maneno hakuyapata. Alipambazukiwa macho makavu, akaondoka bila kunywa kahawa, akabisha kwa Mama Crescencia na kujibiwa na mbwa peke yake. Jirani mwenye goti alichungulia juu ya ukuta. "Ameshuka sokoni na Hilario. Alikuwa anatapika alfajiri, lakini unamjua, tortilla zake haziwezi kulala."

Damaris alishuka mlima kwa miguu njia ya mkato, akiteleza kwenye changarawe, akishika vichaka. Alijiambia kwamba atamkuta anapiga kelele za biashara kama kawaida, naye mama atamcheka kwa vumbi lililomjaa. Alijiambia hivyo hadi alipoingia sokoni.

Mama Crescencia alikuwa ameketi chini kando ya kikapu chake, kitambaa cha juu hakijafunuliwa. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Mkononi alishika kopo la maji, na pembeni yake ndoo nusu tupu. Alimtazama Damaris kwa muda mrefu.

"Eufrasia," alisema polepole. "Mbona umechelewa? Mama anatutafuta."

Eufrasia alikuwa dada yake. Alikufa wakiwa watoto.

"Ni jua tu," alisema Hilario, akishusha mbao kutoka kwenye pikapu. "Nimemwambia avae kofia, hasikii. Nawe Aleluya unafanya nini huku? Leo si siku ya kuhubiri."

Huu ndio wakati ambao Damaris aliukumbuka baadaye kuliko wote, kwa sababu hata hapo, na mama yule akizimika mbele yake, kulikuwa na kitu ndani yake kilichotaka kukubali kwamba ni jua.

"Si jua," alisema. "Hajameza dawa. Tangu Jumapili ile. Na mguuni ana kidonda."

"Jumapili ipi?"

"Nilimwombea. Nikamwambia amepona. Akatupa vidonge."

Hilario aliiweka chini mbao aliyoishika, taratibu sana, kana kwamba ilikuwa ya kioo. Hakumtukana. Alimwinua mama yake kama mtu anavyoinua gunia la mahindi, akamweka kwenye kiti cha mbele cha pikapu.

"Panda nyuma," alimwambia Damaris. "Hayo uliyoniambia utamwambia daktari, kwa mdomo wako huo huo."

Akamwambia. Hospitali ya mjini ilikuwa ndogo, na daktari alikuwa mwanamke kijana aliyechoka. Alisikiliza akiwa anafungua kitambaa cha mguu, na harufu ilipotoka hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Kipimo cha sukari kilikataa kutoa namba, sukari ilikuwa imepita uwezo wake. Kitanda kikasukumwa ndani, mlango ukafungwa.

Damaris na Hilario walibaki kwenye benchi la ukumbini, huyu mwisho huu na huyu mwisho ule. Hilario alitoa rozari mfukoni, akawa anazipitisha punje midomo ikicheza. Damaris alifumba macho, akafumbua. Kila sentensi aliyoianza kwa Mungu aliishuku: hii nayo ninaitoa wapi?

"Huombi?" aliuliza Hilario.

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Si ndiyo kazi yako?"

"Naogopa nitakachosema."

Hilario alimtazama kwa mara ya kwanza tangu sokoni. Macho yalikuwa mekundu. "Basi nyamaza," alisema. "Lakini usiondoke."

Hakuondoka. Jioni daktari alitoka akasema ataishi, ila vidole viwili vya mguu havitaokoka. Hilario alijishika kichwa. Damaris alikwenda nje akatapika kando ya ukuta, tumbo tupu, kisha akarudi kuketi mahali pale pale.

Siku Mama Crescencia aliporuhusiwa kuongea na wageni, Damaris alimkuta ameegemea mito, uso umesinyaa kama kibuyu kilichokauka, lakini sauti imerudi. Damaris alikuwa amejiandalia hotuba nzima njiani. Alifika kwenye "Mama, nisamehe" akaishia hapo.

"Ngoja," alisema Mama Crescencia. "Nijibu moja tu. Ulijuaje kwamba nimepona?"

"Sikujua."

"Malaika? Ndoto? Hakuna?"

"Hakuna, Mama. Nilitaka tu upone."

Mama Crescencia aligeuza uso dirishani. Alikuwa amekasirika kweli. "Ungesema hivyo," alisema hatimaye. "Mama, nataka upone. Hayo yangenitosha. Unajua ni lini mtu aliwahi kuniambia hivyo? Huyu Hilario huniambia meza, usile, kaa chini." Akapangusa pua kwa shuka. "Na mimi nami mpumbavu, nilikuwa nimechoka na vidonge, nikakuamini upesi upesi kwa sababu ya soda. Toka sasa. Nenda ukalale, unanuka hospitali. Kesho njoo."

Damaris alikwenda kesho yake, na siku zilizofuata.

Jumapili alisimama mbele ya watu akaeleza yote. Mwenye goti aliondoka kabla hajamaliza. Wengine walisubiri wimbo wa mwisho, hawakurudi tena. Hilario aliwakataza kuabudu tena uani kwa mama yake, hivyo ibada ikahamia chumbani kwao, na hapo hata benchi moja lilikuwa kubwa. Mkuu wa misheni alisema kwenye simu kwamba hapana lawama, lakini kama Damaris angependa kurudi nyumbani, nafasi ipo. Baba yake alisema, "Mwanangu, mimi nimeisema hiyo 'umepona' mara nyingi, na sijawahi kurudi kuangalia."

Hakurudi nyumbani. Si kwa ushujaa. Kila asubuhi ilibidi mtu amwone Mama Crescencia akimeza vidonge, na mama alikuwa amemtaka yeye. Hilario aliondoka uani kila alipomwona anaingia, akaja akazoea, akawa anabaki akipiga randa, bila kusalimia. Mama alimeza, akafungua mdomo kuonyesha ulimi kama mtoto, akamwambia, "Haya, sasa omba, lakini usinizidishie."

Damaris aliomba kwa maneno machache, na kila baada ya amina aliyapitia tena moja moja kuona kama kuna lililozidi.

Mwaka ulipokwisha Keila aliondoka kwenda kuolewa. Misheni ikamleta msichana mwingine, Abigaíl, ambaye alishuka kwenye basi na begi mgongoni na mifuko miwili mikononi, uso unang'aa, vumbi la safari halijamgusa. Kabla hata hawajasalimiana vizuri aliuliza, "Dada Damaris, ni kweli kwamba hapa kuna mama aliyeponywa sukari? Kule kwetu walitusimulia!"



"Kuna mama mwenye sukari," alisema Damaris. "Anatungoja, maana hajameza dawa yake ya jioni. Nipe mfuko mmoja. Ni mlima mtupu mpaka juu, na nina jambo la kukueleza njiani."