Mudathir na Mke wa Steringi

Kwenye banda la video hapa Kamuli, Mudathir ndiye hututafsiria filamu za Kizungu. Hushika kipaza sauti akasema kwa niaba ya wote, shujaa tunayemwita steringi, adui, hata mbwa. Pasipompendeza hupabadilisha, maana Kiingereza chenyewe nani anakijua.

Juzi ilikuja sehemu ya mwisho ya yule shujaa anayeruka angani. Anauokoa mji mzima, anarudi nyumbani, anamkuta mkewe ameshakufa. Watu walinuna. Kesho yake wakaitaka tena, ila kwa masharti.

"Kaka Mudathir, leo mfikishe shujaa nyumbani mapema," alisema Projest, ambaye mdomo wake haujui likizo. "Huo mji si ungengoja?"

Mudathir akawasha kipaza sauti. Mkewe, Najat, alifariki hospitalini msimu wa kahawa uliopita, yeye akiwa humu humu bandani anatuchekesha. Siku hiyo simu ililia mfukoni mwake, kelele zetu zikaimeza.

Filamu ilipofika pale pa msiba, shujaa akapiga magoti kando ya kitanda. Mudathir akalainisha sauti, akamsemea yule marehemu: "Sikukukasirikia, mume wangu. Nilijua uko kazini."

"Mbona mdomo wa huyo mama haufunguki?" Projest akauliza.

"Funga wako kwanza," nikamwambia.

Mudathir aliweka kipaza sauti chini, akajifuta uso kwa kanzu. Filamu ikaendelea kwa Kiingereza mpaka mwisho. Hatukuelewa neno, na hakuna aliyemwambia atafsiri.