Mama Nyuma ya Maua

Watoto wangu wakitaka kunisifu mbele ya wageni wanasema, "Mama yetu anafikiria kila kitu." Wakitaka kunisengenya jikoni, wanasema maneno yaleyale. Masikio yangu bado mazima, nasikia yote mawili, na mpaka leo sijajua nishukuru au ninune. Ninalojua ni hili: katika maisha yangu kuna jambo moja nililifikiria kuliko mengine yote, nikalipanga mpaka mwisho, nikafaulu. Na kwa kufaulu huko nilimpoteza mama yangu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Kenya, mjini Elisabethville, huku Kongo, siku za Wabelgiji, katika nyumba ya matofali yenye vyumba vinne. Bwana yangu alikuwa karani kwenye stoo ya reli. Mimi nilikuwa mke wa nyumbani, lakini si wa hivihivi: nilikuwa nimemaliza fuaye. Fuaye ilikuwa shule ya akina mama, ambako madame wa Kizungu walitufundisha kupiga pasi, kushona, kupika supu isiyo na kitu ndani yake, na kukunja kitambaa cha kupangusia mdomo kisimame kama kofia ya askofu. Mwisho wa mwaka walipita kukagua nyumba zetu, na mwenye nyumba safi kupita wote akapewa zawadi. Nilishinda mara mbili. Mara ya tatu nikawa wa pili kwa sababu ya buibui mmoja juu ya mlango, na nilimlilia yule buibui wiki nzima. Msidhani fuaye ndiyo iliyoniharibu. Nilizaliwa hivyo, wao walinipa cheti tu.

Mama alikuwa mjane na mimi mtoto wake wa pekee. Baba alipokufa nilimleta kwangu. Alifika na mkeka, sufuria mbili na kopo la tumbako ya kunusa. Sasa, kwetu sisi watu wa kaskazini mwa Katanga, mwanaume na mama mkwe wake hawaangaliani. Si chuki, ni heshima. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hebu waone hao wawili katika nyumba ya vyumba vinne, isiyo na majani hata kidogo!

Lakini waliweza. Bwana yangu akirudi kazini alikohoa mara mbili mlangoni. Mama alisikia, akatokea mlango wa nyuma, akaenda kukaa uani, kwenye jiko lake. Huko ndiko alikokula, juu ya mkeka, kwa mkono, bukari yake, yaani ugali, na samaki wake, akiongea na kuku. Wakiwa na neno la kuambiana, walipitia kwangu, hata kama kilichowatenga ni ukuta tu na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie bwana yako, mvua inakuya, asiache kinga yake inje," mama alisema toka uani. Kinga ndiyo baiskeli.

"Mwambie mama nimesikia, aksanti sana," bwana yangu akajibu toka sebuleni.

Na mimi katikati, mwiko mkononi, sijafungua mdomo. Mama alimwekea kipande kizuri cha samaki. Yeye kila Jumamosi alimnunulia tumbako, ile nzuri, akaiacha dirishani. Miaka mitano hawakugombana hata siku moja. Nawajua watu wanaolala kitanda kimoja ambao hawawezi kusema hivyo.

Ndipo ikaja habari ya kadi. Serikali ilikuwa inawapa kadi Waafrika iliowaona wamestaarabika, wale walioitwa évolués. Mwenye kadi angetembea mjini usiku bila kukamatwa, angehudumiwa dukani kama mtu, na mengine ya namna hiyo. Bwana yangu aliomba kwa sababu wenzake ofisini waliomba. Wakimpa, vizuri, wakimnyima, angelala usingizi wake. Mimi ndiye niliyeitaka. Nilijua lazima watu wa tume waje kukagua nyumba, na mimi ukiniambia ukaguzi, damu inachemka.

Tulisikia kwamba tume inapenda kuja Jumapili, saa ya chakula. Wanataka waone familia yote mezani, kila anayelala ndani ya nyumba, kwa uma na kisu. Wakikuta mama mzee anakula peke yake nyuma, chini, kwa mkono, wanaandika kitu kwenye karatasi zao.

"Mama akule kule nyuma kama siku zote," bwana yangu akasema. "Bakiuliza, tutabaambia ni heshima yetu. Bakikosa kusikia, shauri yabo."

"Shauri yabo?" Nilimrukia. "Shauri yetu! Unafikiri bale bantu banakuya hapa kusikiliza heshima yako?"

"Basi tufungue ile haya. Tununue kuku na nguo mupya, tuite bazee ba hapa hapa Kenya, tumalize."

Maana njia ilikuwapo. Desturi yenyewe inajua kwamba watu wanachoka: mkwe akitoa kuku na nguo mbele ya wazee, haya inafunguliwa, na toka siku hiyo wanaweza kula pamoja. Lakini nilikataa. Wazee gani? Mmoja alikuwa mtu wa Kasai asiyejua desturi yetu, mwingine alikuwa amelewa toka Jumatano! Nilitaka ifanyike sawasawa, na mjomba wangu wa kijijini, na watu wa ukoo, kila neno mahali pake. Mjomba alikaa mbali mno, na mguu ulimuuma. Nilikuwa nimemngoja miaka mitano na nilikuwa tayari kumngoja mitano mingine. Bora isifanyike kuliko ifanyike nusu: hiyo ndiyo ilikuwa dini yangu, baada ya ile ya Kikatoliki.

Kwa hiyo nikakaa kufikiri. Siku tatu. Nilichora meza kwenye daftari la watoto, nikaandika kila mtu atakaa wapi. Bwana yangu kichwani, mama kule mwisho, na katikati jagi kubwa la maua, refu na pana, kiasi kwamba huyu hatamuona yule, wala yule hatamuona huyu. Watakuwa wamekula meza moja mbele ya Wazungu na hawakuonana mbele ya Mungu. Niliona raha, wee! Niliwakalisha watoto huku na huku kupima: "Unamuona?" "Simuoni." Nikaongeza bugenvilea upande wa kushoto. Nilifikiria upepo, nikaamua dirisha lifungwe. Nilifikiria chafya, nikaamua mama asinuse tumbako asubuhi ile. Kama wana neno, watapitia kwangu kama siku zote, na wageni watadhani ni adabu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa nitakula na mukwe wangu fasi moja, meza moja?"

"Hautamuona, mama. Naye hatakuona."

"Lakini atanisikia nikitafuna."

"Utatafuna polepole."

Akafunga kopo lake la tumbako. "Sawa, mwana wangu. Kama ni kwa ajili yako."

Akajifunza uma. Wiki mbili, uani, kwenye mkeka wake, akichoma bukari kama mtu anayeua nyoka. Mimi nikasimama pembeni nikimsahihisha vidole, mama yangu aliyenilisha kwa vidole hivyohivyo. Wakati ule sikuona kitu. Niliona tu kwamba kidole cha shahada bado kinakaa vibaya.

Jumapili ikafika, nao wakafika: bwana mmoja mnene mwenye mkoba, madame mwenye kofia, na karani Mwafrika wa kuandika. Waliangalia vitanda, wakaangalia choo, wakafunua sufuria. Madame alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akatabasamu. Tukakaa mezani, wageni wakapewa viti kando ya ukuta. Nikaleta supu. Nikaleta nyama na viazi. Bwana yangu alikula upande wake akiangalia maua kama mtu aliyeambiwa ayahesabu. Upande wa pili niliona kilemba cheupe cha mama kikiinama na kuinuka polepole. Alitafuna polepole kweli. Kwa dakika kumi hivi hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kama mimi katika Kongo yote ya Wabelgiji.

Kisha madame akasimama. Akasema maua ni mazuri sana, ni mimi niliyeyapanga? Nikasema ndiyo, madame. "Lakini yanatufichia bibi!" akasema, na kwa mikono yake miwili, kwa wema wake wote, akaliinua lile jagi na kuliweka juu ya kabati.

Mama wee! Nilikuwa nimefikiria upepo. Nilikuwa nimefikiria chafya. Sikufikiria kwamba mtu anaweza kutaka kumuona mama yangu.

Walionana. Miaka mitano, na walionana hivyo: mama na kiazi nusu mdomoni, nusu kwenye uma, bwana yangu mashavu yamejaa nyama. Bwana yangu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia sahani. Mama hakupiga kelele. Aliweka uma kando ya sahani, umenyooka, vile nilivyomfundisha. Akavuta nguo yake akafunika uso, akasimama, akatoka mlango wa nyuma.

"Anaumwa?" madame akauliza.

Hapo ningeweza kusema. Lilikuwa neno dogo, na bwana yangu alikuwa amelisema zamani: ni heshima yetu. Karani Mwafrika alijua. Aliinamia karatasi zake na hakuandika kitu. Mimi nikasema, "Ni uzee tu, madame. Anachoka upesi." Halafu nikauliza nani anataka kahawa. Sikumfuata. Kahawa ilikuwa kwenye mpango, na baada ya kahawa kulikuwa na biskuti.

Wageni walipotoka, mama alikuwa amekwisha kukunja mkeka.

"Mwambie mama asiende," bwana yangu akasema toka chumbani. "Mwambie ni kosa langu."

Kwa mara ya kwanza mama hakumjibu kupitia kwangu. Alinijibu mimi. "Nimekula mbele ya mukwe wangu, mudomo wazi, kama mubwa. Nitakaa tena namna gani mu nyumba yake?" Asubuhi alipanda treni kwenda Sakania, kwa mdogo wake aliyeuza samaki wakavu karibu na stesheni.

Kadi ilikuja. Ilikuja na barua iliyosema nyumba yetu ni ya mfano. Mwezi huohuo aliipata pia jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, ambaye kuku wake walitaga chini ya meza. Mama mkwe wake aliwapokea watu wa tume uani, kiko mdomoni, mikono imejaa sombe, majani ya muhogo. Walipouliza kwa nini mama huyo hali mezani na wenzake, jirani akasema, "Ni desturi yetu." Bwana mnene akasema, "Ah bon," yaani kumbe, akaandika, wakaendelea na choo. Ah bon! Jirani alinisimulia akicheka mpaka akashika mti. Nilitamani kumpiga na ufagio.

Miezi miwili ikapita. "Nenda umuchukue," bwana yangu akasema. "Mwambie tu arudi."

Tu! Mimi sina "tu". Nilipanda treni na njia nzima nikapanga sababu. Zilikuwa saba, nikazirudia kwa vidole mpaka Sakania.

Nilimkuta mama amekaa mbele ya nyumba ya mdogo wake, anaparua magamba ya samaki. Alinipa maji, akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya "yule bwana" bila kumtaja. Nikaanza. Moja, kuku na nguo viko tayari, na wazee watakuwa wowote, hata yule mlevi. Mbili, nyumba ya mama mdogo ni ndogo. Tatu, baridi ya Sakania ni mbaya kwa kifua chake. Nne, watoto wanamuuliza. Tano, watu wa Kenya wanasema maneno. Sita, padri amesema haya ya namna ile si dhambi. Saba, kadi tumeipata, hawatakuja tena kukagua. Nilizisema kwa utaratibu, hakuna iliyoingilia nyingine. Nilijisikia kama wakili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote. "Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Ni muzuri. Zote ni za kweli." Akageuza samaki upande wa pili. "Lakini hakuna ata moja umesema uko na hamu yangu."

Nilifungua mdomo. Yesu Maria, nilikuwa na hamu naye mpaka nilikuwa sili! Lakini sikutaka kulisema hivyo, haraka haraka, kama mtu aliyekumbushwa. Nilitaka alisikie kama lilivyokuwa ndani yangu, kwa maneno yanayolitosha, basi nikawa nayatafuta. Nikiwa bado natafuta, treni ya kurudi ikapiga filimbi. Mama akanifungia samaki kwenye majani, akaniambia nisichelewe.

Njiani nilijiambia nitamwandikia, katekista atamsomea. Katika barua litatoka vizuri zaidi. Nilinunua karatasi nzuri. Nilianza ile barua mara nne, na mara nne nikaichana. Mama alikufa Sakania masika yaliyofuata, na mimi nilikuwa bado sijaridhika na mstari wa kwanza.