Mwaka Niliokula Udongo

Mvua ya kwanza ikidondokea vumbi la Tabora, watu hutoka barazani, wakavuta hewa na kusema, "Ah, harufu nzuri." Mimi mate hunijaa mdomoni. Nina miaka hamsini na ushee, nina mjukuu, lakini harufu ile bado huniita kama nyama ya kuchoma inavyomwita mwenye njaa. Ngoja nikueleze sababu, maana si wengi niliowaeleza.

Nilipokuwa darasa la tatu nilikula udongo. Sisemi nilionja kidogo, kama watoto wanavyoonja kila kitu. Nilikula. Nyuma ya nyumba yetu, kule Itetemia, kulikuwa na kichuguu kirefu kunishinda. Udongo wake ulikuwa laini, mwekundu, wenye chumvichumvi kwa mbali. Niliuvunja vipande, nikavificha kwenye pindo la sketi ya shule, nikavimung'unya darasani wenzangu wakitafuna michembe yao ya viazi vitamu. Mama alishangaa mbona pindo linafumuka kila wiki. Yeye alilishona, mimi nikalifumua.

Wakati huohuo nilianza kuchoka. Nikipanda kijilima cha kwenda kisimani moyo ulinidunda hadi masikioni, kama mtu anayetwanga chumba cha pili. Darasani nilisinzia. Wakati wa kung'oa karanga nilikaa mwisho wa tuta na kuwatazama kaka zangu wakinipita. Baba alikuwa mtu wa jembe na mzee wa kanisa. Dhambi alizijua zote, lakini kwake uvivu ulizitangulia zote.

"Babu zako walitembea hadi pwani na mizigo mabegani," alinifokea siku moja, "wewe ndoo moja inakushinda!"

Mama, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, akasema polepole, "Baba Kalunde, huyu mtoto anaumwa."

"Anaumwa uvivu," Baba akajibu. Akanichapa fimbo mbili za miguuni. Sikulia. Hata kulia kulitaka nguvu.

Wiki hiyohiyo nilianguka njiani nikitoka kisimani. Nilipofumbua macho maji yalikuwa yamemwagika yote na Baba alikuwa ameinama juu yangu, uso wake umebadilika kabisa. Alinipakia kwenye baiskeli, akanifunga kiunoni mwake kwa kanga ya Mama nisidondoke, tukaenda zahanati.

Zahanati ile ilikuwa na muuguzi mmoja, mama wa mjini mwenye ushungi mweupe na sauti ya juu, tukimwita Nesi Zuhura. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari amelivuta kope langu la chini. Akaweka kiganja changu kando ya chake. Akatazama ulimi, akatazama kucha. Kisha yakaja maswali, mengi kuliko nilivyowahi kuulizwa na mtu mzima. Nikipanda mlima napumua vipi? Nyumbani kuna choo? Navaa viatu? Nyayo zinaniwasha? Mwishoni akauliza, "Na unakula nini ambacho mama hajakupikia?"

Nikatazama chini.

"Hali kitu kingine," Baba akasema. "Nyumbani kwangu watoto wanashiba."

Nesi Zuhura aliniinamia mimi. "Nilipokuwa na mimba ya kwanza," akasema, "nilikuwa nabandua ukuta wa mama mkwe wangu na kuula. Siku aliyonifuma nilikuwa na udongo hadi puani."

Nikacheka. Na nilipocheka akaona meno yangu mekundu.

"Kichuguu," nikakiri.

Kesho yake tulitakiwa kupeleka kinyesi changu kidogo ndani ya kiberiti kitupu, kikatazamwe kwa darubini. Baba alikibeba kwenye mfuko wa shati, taratibu kama aliyebeba yai. Njiani jirani mmoja akamsimamisha, sigara mdomoni. "Bwana, nisaidie kiberiti." Baba, mtu asiyesema uongo, akajibu, "Hakina njiti," akakanyaga pedeli kwa nguvu.

Ilikuwa safura. Nesi Zuhura alitueleza kwa utulivu: minyoo midogo kama uzi inaishi kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, inatoboa nyayo za anayetembea peku, inasafiri mwilini hadi kwenye utumbo, inajishikiza na kunyonya damu. Damu ikipungua, mtu huchoka, moyo hukimbia, na wengine hutamani udongo. Dawa ilikuwepo: kidonge cha minyoo cha kutafuna, na vidonge vya kuongeza damu kwa miezi kadhaa. "Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Na usivimeze na chai." Pia dagaa, maharage na matembele, viatu miguuni, na choo cha shimo, siyo kwenda vichakani kama tulivyozoea.

Baba alisikiliza yote ameshika kofia mkononi. "Kwa hiyo hakuwa mvivu?"

"Mvivu gani? Huyu alikuwa anafanya kazi kwa nusu ya damu."

Tulipofika nyumbani Baba alitupanga mlangoni kwenye mwanga, akatuvuta kope mmoja mmoja kama alivyoona zahanati. Kaka zangu walikuwa na afadhali. Mama alikuwa anasonga ugali. "Niache bwana, unaungua huu," alisema akicheka. Baba akamshika kidevu, akatazama jicho moja, akatazama la pili. Ndani ya kope, panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama unga wa muhogo. Alikuwa amechoka muda mrefu, na sote tulidhani ni mimba tu.

Kesho yake asubuhi baiskeli ilimbeba Mama hadi zahanati, naye akaanza vidonge vya kuongeza damu. Baba alichimba choo wiki ile, akatununulia kandambili sote. Na jioni moja alinikuta uani akaniambia, "Kalunde, nilikuchapa ukiwa mgonjwa. Nisamehe." Sikuwahi kusikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha, sikujua ombi hilo linajibiwaje. Nikasema, "Marahaba." Kaka zangu walinicheka mwezi mzima.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa salama kule zahanati, lakini Mama alitoka damu nyingi. Nakumbuka Nesi Zuhura alitoka nje, akamwambia Baba maneno machache, na Baba akakaa chini kwenye vumbi akalia. Nilidhani alitaka mtoto wa kike.

Miaka mingi baadaye, nilipojifungua binti yangu, nilimsikia mkunga akimweleza mwenzangu wa kitanda cha pili kwamba damu ileile anayoimwaga mzazi mmoja akanusurika humwua mwingine aliyekuja akiwa na upungufu. Baba alipokuja kumwona mjukuu nikamuuliza Nesi alimwambia nini siku ile.

"Alisema, 'Ungemleta na damu kidogo ile aliyokuwa nayo mimba ilipokuwa ya miezi sita, leo ungerudi na mtoto peke yake.'"

Mama alikuwa hapo hapo, anapima uji wangu kwa kijiko, ananung'unika kwamba umepoa. Nikamshika Baba mkono nikamwambia asante. Akauliza asante ya nini. Nilikuwa nalia, na binti yangu naye alikuwa analia, anataka kunyonya.